Kabla hujalipia Camaro Z/28 ya 1969, soma chuma

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wanunuzi wa Camaro ya 1969 ni hili: namba ya chesisi inathibitisha kwamba ni Z/28, lile toleo la mbio lenye injini yake maalumu? Haithibitishi. Madalali wanalijua hilo vizuri kuliko wateja wao.

Chukua mfano wa namba 124379N5, ikifuatiwa na tarakimu nyingine tano. Iko kwenye kibati juu ya dashibodi, inasomeka kupitia kioo cha mbele. Ile 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya V8, 37 ni kupe, 9 ni mwaka, N ni kiwanda cha Norwood, Ohio. Ukikuta L badala ya N, gari liliunganishwa Van Nuys, California. Zinazobaki ni za mfuatano tu, ulioanzia 500001. Kwa hiyo Camaro ya injini ya kawaida ya V8 na Z/28 yenye injini yake ya 302 (ukubwa kwa inchi za ujazo) zinabeba namba za aina moja. Aliyezoea kuagiza Toyota kutoka Japani, ambako herufi za mwanzo za chesisi zinamtajia hadi familia ya injini, hapa asahau mazoea.

Mwaka ule zilitoka Camaro 243,085, na kati ya hizo Z/28 zilikuwa 20,302. Magari mengi yaliyobaki yanaweza kuvalishwa nembo, mistari ya rangi na boneti, yakapanda bei kwa siku moja. Mwenye Pontiac anaweza kuagiza nakala ya ankara ya kiwandani kutoka PHS, huduma ya kumbukumbu za Pontiac. Mwenye Ford ya kuanzia 1967 anapata ripoti ya Marti, kampuni inayotoa kumbukumbu za Ford. Kwa Chevrolet ya miaka hiyo hakuna kumbukumbu kama hizo, isipokuwa gari liwe liliuzwa jipya Kanada, ambako GM, kampuni mama ya Chevrolet, walihifadhi karatasi zao. Ndiyo maana mimi husoma chuma, yaani mihuri na namba zilizogongwa kwenye gari lenyewe.

Naanzia kwenye bloku ya injini. Mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria, nyuma ya alteneta, kuna sehemu ndogo bapa. Hapo panatakiwa pawe na mhuri kama V0121DZ: V ni kiwanda cha injini cha Flint, 0121 ni Januari 21, DZ ndiyo Z/28 ya 1969. Kisha kuna kipande cha namba ya chesisi, mfano 19N5 (1 ya Chevrolet, 9 ya mwaka, kisha N5) na zile tano za mwisho. Kipande hiki mara nyingine kiko pembeni mwa mhuri huo, mara nyingine kiko chini, karibu na filta ya oili.

Hapo ndipo watu wanapopigwa changa la macho. Kugonga herufi upya si kazi ngumu, kazi ngumu ni uso wenyewe. Kiwandani ulikwanguliwa na mashine iliyoacha mistari myembamba iliyonyooka, ikitoka mbele kwenda nyuma ya injini. Bloku ikisawazishwa baadaye gereji, mistari hiyo hufutika, na mara nyingi inabaki michirizi ya mviringo. Mjanja huchukua msasa akaiga mistari. Nikimulika tochi kwa pembeni, mistari ya msasa huonekana haina kina sawa, na mara nyingine inakata juu ya herufi badala ya herufi kuikata yenyewe. Jambo la pili ni kwamba mhuri wa injini uligongwa Flint, na kipande cha chesisi kikagongwa Norwood au Van Nuys. Ni mikono miwili na vifaa viwili. Nikikuta maandishi yote yana umbo moja na kina kimoja, naacha kutabasamu.

Halafu tarehe. Nyuma ya bloku, kwenye ukingo unaoshika giaboksi, kuna namba iliyotoka na bloku kwenye kalibu, kwa mfano 3970010, na tarehe kama A 15 9. A ni Januari, L ni Desemba, na 9 ni mwaka. Wengi wakiiona ile namba wanapiga makofi, ilhali bloku hiyo hiyo iliendelea kutumika miaka mingi baadaye kwenye injini za 350, na tarakimu moja ya 9 haisemi kama ni 1969 au 1979! Mpangilio lazima ukubaliane: bloku imiminwe kwenye kalibu kwanza, injini iunganishwe baadaye, bodi ifuate. Bloku ya A 15 9 na injini ya Januari 21 kwenye bodi ya wiki ya kwanza ya Februari inaeleweka. Injini iliyounganishwa baada ya bodi kukamilika haina maelezo.

Tarehe ya bodi iko kwenye kibati cha ukuta wa injini, kwa mfano 02A, wiki ya kwanza ya Februari. Kibati hicho ndicho chenye alama za X: X33 na X77 ni za Z/28. Lakini alama hizo zilitumika Norwood tu, kuanzia Desemba 1968. Gari la Van Nuys kukosa X si kosa. Na vibati vipya vinachongwa na kuuzwa, kwa hiyo naangalia ribiti kwanza, maandishi baadaye.

Mtihani ninaoupenda ni namba za chesisi zilizofichwa. Kiwandani walizigonga sehemu mbili zaidi: chini ya paneli ya matundu ya hewa mbele ya kioo, na kwenye ukuta wa injini nyuma ya boksi la hita. Siku hizi bodi nzima mpya za Camaro ya 1969 zinauzwa, na kibati cha dashibodi ni rahisi kukihamishia huko, ingawa sheria ya shirikisho ya Marekani inakataza. Bodi mpya haina namba hizo mbili.

Difu ya boliti 12, springi za majani mengi na breki za diski mbele ni vya lazima kwa Z/28, lakini vyote vinafungwa kwa spana, kwa hiyo sivipi uzito. Karatasi ya kiwandani iliyokutwa juu ya tangi la mafuta au kwenye springi za kiti, au kile kibati cha waranti alichopewa mnunuzi wa kwanza, navipa uzito zaidi, ila navyo huigizwa.

Bloku isiyo na mhuri kabisa hainitishi. Injini hizi zilizungushwa sana kwenye mashindano, zikafa, zikabadilishwa. Muuzaji akisema wazi kwamba injini si ya asili na bodi ikathibitika, mimi humwambia mteja apunguze ofa, anunue. Kwenye mhuri uliogongwa upya sishauri punguzo lolote, namwambia asinunue. Na muuzaji akikataa paneli ya mbele ya kioo ifunguliwe, ada ya ukaguzi nairudisha, maana sina cha kuandika kwenye ripoti.