Kitabu cha zamani cha pikipiki: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwenye Honda CG125 au Yamaha DT125 ya zamani hufika siku akakitafuta kitabu chake, kile kilichokuja na pikipiki ilipotoka dukani. Vitabu hivyo bado vinauzwa, vingi vikiwa na alama za vidole vyenye oili. Lakini kuna maneno yanayozunguka biashara hii ambayo yamewapotezea watu pesa, na mengine yanaua pikipiki.

“Jina la kwenye tanki likifanana na la kwenye jalada, nunua.”

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoumia. CG125 ilianza mwaka 1976 na ikatengenezwa kwa miongo mingi. Za mwanzo zina umeme wa volti 6, za baadaye volti 12. Ukifuata kitabu kisicho chake ukafunga balbu ya volti 6 kwenye pikipiki ya volti 12, itaungua palepale. Kuna nchi zilikouzwa za gia nne, kwingine za gia tano. DT125 nazo zina mambo yake: za zamani hupozwa kwa upepo, lakini DT125LC ina rejeta na maji. Jina ni lile lile, matunzo ni mengine.

Kwa hiyo soma kwanza namba ya chesesi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, umpe muuzaji pamoja na mwaka wa pikipiki. Kisha mwombe picha ya ukurasa wa vipimo. Linganisha volti, idadi ya gia na saizi ya tairi na ulichonacho nyumbani. Kwa Yamaha, tafuta kwenye jalada namba yenye 28199 katikati. Herufi na tarakimu zinazoitangulia, jumla tatu, ni za modeli.

“Fotokopi ni kitabu kile kile.”

Kwa upepo wa matairi na ulegevu wa cheni, sawa. Kwa mchoro wa nyaya, sikubali. Rangi za nyaya huandikwa kwa herufi ndogo sana. Kwa Honda, Bl ni nyeusi na Bu ni bluu. Fotokopi ikififia, utaunganisha waya usio wake. Kwa Yamaha, B ni nyeusi na L ndiyo bluu. Hata waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye fremu, ni tofauti: Honda hutumia kijani, Yamaha nyeusi. Mchoro huo mara nyingi huwa kwenye karatasi ya kukunjwa mwishoni mwa kitabu, na ndiyo ya kwanza kuchanika. Uliza kama ipo kabla hujatuma pesa.

“Kitamwezesha fundi kufungua injini.”

Hiki ni kitabu cha mmiliki: oili, plagi, cheni, breki, ukaguzi wa kila siku. Kufungua injini kuna kitabu chake cha gereji, kinene zaidi na cha bei nyingine. Wauzaji huchanganya majina haya, kwa hiyo uliza idadi ya kurasa.

“Oili ya kitabuni imepitwa na wakati, weka yoyote mpya ya gari.”

Hili linanisikitisha kuliko yote. Kweli, kitabu cha CG125 kitataja daraja la ubora wa oili la SE au SF, ambalo leo ni la zamani. Lakini klachi ya injini hiyo inaoga katika oili ile ile ya injini, na baadhi ya oili mpya za magari zina viungo vya kupunguza msuguano. Klachi huanza kuteleza: injini inanguruma, mlima haupandiki. Fuata unene ulioandikwa kitabuni, kisha tafuta kopo lenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki zenye klachi ya namna hii. Alama hiyo ilikuja mwaka 1998, ndiyo maana kitabu hakiijui.

“Chenye madoa hakifai.”

Mwenye pikipiki wa kwanza huenda aliandika pembeni siku alizorekebisha tapeti au kubadilisha oili. Mimi ningelipia hicho zaidi ya kile kisichowahi kufunguliwa, mradi karatasi ya kukunjwa ipo.