Mapinduzi ya Marekani yaliigusa Canada pia

Kuna imani ya siku nyingi kwamba makoloni 13 ya Uingereza yaliyokuja kuwa Marekani yalipoasi, huku juu Canada walikaa tu upande wa mfalme wa Uingereza na maisha hayakubadilika. Inaeleweka mtu kuamini hivyo maana ramani zinaonyesha koloni moja limeasi na lingine limebaki, basi.

Ila angalia kilichofuata. Vita vilipoisha 1783 zaidi ya watu 30,000 watiifu kwa mfalme, waliowakimbia waasi, walishukia koloni la Nova Scotia huku Canada, ardhi ambayo Wami'kmaq, watu wa asili, walikuwepo tangu zamani, na wageni wakawa wengi kuliko waliowakuta hadi 1784 ikabidi New Brunswick ikatwe iwe koloni lake, halafu 1791 koloni la Quebec nalo likagawanywa sehemu mbili, kila upande na bunge lake. Yote hayo ndani ya miaka 8!

Na sio wote walikuwa wazungu wenye mali. Karibu 3,000 walikuwa weusi walioahidiwa na Waingereza uhuru na ardhi, lakini kule Birchtown, makazi yao Nova Scotia, wengine walipitisha baridi kwenye mashimo waliyochimba ardhini wakaezeka juu, ardhi yenyewe wengi hawakupata. 1792 karibu 1,200 wakapanda meli 15 kutoka Halifax kwenda Sierra Leone wakaanzisha Freetown. Hili linaniuma kila nikilisoma.

Ukitaka kuhakikisha, linganisha ramani ya 1775 na ya 1791, kisha tafuta mtandaoni daftari la abiria weusi lililoandikwa New York 1783, lina jina, umri, meli na aliyekuwa akimmiliki.