Mguu wa Bandia Haukui: Watoto wa Iraki Waliojeruhiwa Vitani na Matibabu ya Ng'ambo

Mtoto aliyekatwa mguu akiwa na miaka minne atavaa miguu ya bandia mingi kabla hajawa mtu mzima. Kanuni tuliyofundishwa Moshi, katika chuo cha wataalamu wa viungo bandia kilicho jirani na Hospitali ya KCMC, ni kwamba aliye chini ya miaka mitano hubadilishiwa karibu kila mwaka, wa miaka 5 hadi 12 kila baada ya miaka 2 hivi, na baada ya hapo kila miaka 3 au 4 hadi atakapoacha kukua. Naitanguliza kanuni hii kwa kuwa ndiyo ninayoitumia ninapotafakari kazi ya watu wanaojitolea kuwapeleka ng'ambo watoto wa Iraki waliojeruhiwa vitani. Kazi hiyo naiheshimu kwa moyo wote, lakini mara nyingi huhesabiwa kuwa imekwisha siku mtoto anapopanda ndege kurudi kwao, wakati kwa mtaalamu wa viungo bandia siku hiyo ndiyo kwanza kazi imeanza.

Iraki ilikuwa na hospitali na madaktari waliosifika katika eneo lote la Mashariki ya Kati. Vikwazo vya kiuchumi vilivyoanza mwaka 1990 na kudumu hadi 2003 viliziacha hospitali hizo bila dawa wala vipuri, kisha vita vya 2003 vikaja na majeraha ambayo hata hospitali iliyokamilika ingelemewa nayo. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba majeshi ya Marekani na Uingereza yalitumia mabomu ya mtawanyiko yapatayo 13,000, yaliyobeba vijibomu kati ya milioni 1.8 na milioni 2. Vijibomu visivyolipuka vilibaki mashambani na katika nyua za nyumba, na mtoto hukiokota kitu kidogo king'aacho bila kujua ni nini. Katika miaka iliyofuata madaktari wengi walitekwa, wakauawa au wakaihama nchi, na kwa hiyo kumtafutia mtoto matibabu nje kukawa kwa familia nyingi tumaini pekee.

Mtoto aliyejulikana zaidi duniani alikuwa Ali Ismail Abbas, mwenye umri wa miaka 12, ambaye kombora liliiangukia nyumba yao katika majuma ya kwanza ya vita, likawaua wazazi wake na kumwacha bila mikono yote miwili, mwili ukiwa umeungua vibaya. Alipelekwa Kuwait kutibiwa majeraha ya moto, kisha London kutengenezewa mikono ya bandia. Picha yake ilifungua mioyo na mifuko ya watu. Hata hivyo, watoto wengi hawakuwa na picha gazetini, na hao ndio walioshughulikiwa na vikundi vidogo vya raia. Kimojawapo kilikuwa No More Victims, kilichoasisiwa Los Angeles na Cole Miller, ambacho kiliwaomba watu wa mji mmoja wa Marekani wamchukue mtoto mmoja: watafute hospitali itakayomtibu bure, familia ya kumpokea, wakalimani wa Kiarabu, na madereva wa kumpeleka kliniki.

Kabla ya hayo yote kulikuwa na safari ya makaratasi. Mtoto alihitaji pasipoti, mzazi wa kuandamana naye alihitaji yake, mzazi anayebaki alipaswa kutia saini ya ridhaa, na mara nyingi viza ilishughulikiwa Amman, Yordani, hivyo familia ililazimika kwanza kuvuka jangwa la magharibi mwa Iraki kwa barabara ya hatari. Miezi ilipita, na katika miezi hiyo kidonda kilijifunga vibaya, misuli ilikakamaa, na vijidudu sugu kwa dawa vilijikita ndani ya mfupa. Ndiyo maana mtoto aliyefika ng'ambo alihitaji kwanza upasuaji wa kusafisha mfupa na kurekebisha kigutu, yaani sehemu ya kiungo iliyobaki baada ya kukatwa, na hapo ndipo sisi mafundi tukakaribishwa.

Naomba nieleze kidogo jambo la mifupa, kwa maana ndilo linalosahauliwa zaidi. Mfupa wa mtoto uliokatwa katikati huendelea kuota kwenye ncha yake, na ncha hiyo nyembamba husukuma nyama na ngozi mpaka ngozi inaiva, inauma, na pengine inatoboka. Hutokea zaidi kwenye mfupa wa mkono wa juu na kwenye mifupa ya mguu chini ya goti, na tiba yake ni kukatwa tena, wakati mwingine zaidi ya mara moja kabla ukuaji haujakoma. Tena, karibu asilimia 70 ya urefu wa mfupa wa paja hutokana na sehemu ya ukuaji iliyo karibu na goti, kwa hiyo mtoto mdogo aliyekatwa juu ya goti atabaki na kigutu kifupi sana akiwa mkubwa. Daktari mpasuaji anayeliokoa goti, au walau anayekata penye kiungo chenyewe badala ya katikati ya mfupa, amempa mtoto zawadi ya miaka mingi.

Kuna dalili ambazo mzazi yeyote anaweza kufundishwa kuzitazama. Nikimsimamisha mtoto mbele yangu, naweka viganja vyangu juu ya mifupa ya nyonga zake, kushoto na kulia. Upande wa mguu wa bandia ukiwa chini kuliko mwingine, naingiza vibao vyembamba chini ya kiatu, kimoja kimoja, hadi viganja vilingane, na unene wa vibao hivyo ndio kiasi alichokua tangu tulipoonana. Kisha namvua soketi, yaani kikombe kigumu cha mguu wa bandia ambamo kigutu huingia, na kutazama ngozi. Duara jekundu lisilofifia baada ya dakika kumi linasema kwamba kigutu hakiingii tena hadi chini. Kwa sababu hiyo wapo mafundi wanaomtengenezea mtoto soketi yenye tabaka za ndani zinazobanduliwa kadiri anavyonenepa, kama maganda ya kitunguu, na kumwachia bomba la mguu linaloweza kurefushwa.

Hapa nina neno kwa mafundi wenzangu wa nchi tajiri. Wanapompenda mtoto, humpa kilicho bora kwao: soksi ya silikoni inayovaliwa kwenye kigutu, yenye pini ya kujifungia kwenye mguu wa bandia, mguu wa nyuzi za kaboni, mkono wa umeme unaoendeshwa na betri. Soksi ya silikoni ikitumika kila siku katika joto la Iraki huchanika mapema, na isipopatikana nyingine mguu wote huwa hauna kazi. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imevisaidia vituo vya viungo bandia ndani ya Iraki tangu miaka ya 1990, na teknolojia yake ya plastiki ya polipropilini, ambayo inajulikana pia katika karakana za Afrika Mashariki, hutoa miguu inayoweza kutengenezwa na kurekebishwa huko huko. Miguu hiyo ni mizito kidogo na haivutii macho, lakini fundi wa Baghdad au Erbil anaifahamu. Kwa mtoto anayekua, mimi ningeuchagua mguu huo bila kusita.

Ndiyo maana nauthamini mpango wa Madaktari Wasio na Mipaka uliofunguliwa Amman mwaka 2006 kwa ajili ya majeruhi wa Iraki, ambao baadaye ulipokea Wasyria, Wayemeni na Wapalestina. Madaktari walio ndani ya nchi hizo huwateua wagonjwa. Upasuaji wa mifupa, wa uso na wa ngozi hufanyika chini ya paa moja. Mgonjwa hukaa miezi akifanya mazoezi ya viungo. Lugha ni ile ile, chakula ni kile kile, na akihitaji kurudi hahitaji kuvuka bahari.

Kurudi kunawezekana hata kwa mashirika madogo, yakipanga hivyo tangu mwanzo. Global Medical Relief Fund, shirika lililoanzishwa New York na Elissa Montanti mwaka 1997 na lililowasaidia watoto wa Iraki, ndilo lililowapokea mwaka 2015 watoto wa Kitanzania wenye ualbino waliokatwa viungo na washambuliaji. Watoto wake huitwa tena wanapokuwa wamekua, wakapimwe upya.

Kwa anayetaka kujitolea leo, kwa mtoto wa Iraki, wa Gaza au wa Sudan, maswali yangu huja kabla ya ombi la viza. Karakana gani iliyo karibu na kwao itamwona baada ya miezi sita, na fundi wake amepewa namba ya simu ya fundi wa ng'ambo? Mzazi gani atakayesafiri, na je, ndiye atakayekuwa anamvalisha mtoto kila asubuhi? Mzigoni kutakuwa na nakala ya ripoti ya upasuaji kwa Kiarabu, orodha ya vipuri pamoja na saizi zake, na skrubu za akiba? Na fedha za mguu wa pili, zimeshatengwa?