Kupiga simu na kutuma meseji si kusema jambo moja mara mbili

Kazi yangu ni kuwapangia wateja simu zilizorekodiwa na meseji za kwenda kwa watu wengi. Wiki iliyopita mteja mwingine, kiongozi wa chama cha akiba na mikopo chenye wanachama Kirumba, Mwanza, na kwenye visiwa vya Ziwa Victoria, aliniambia lile ninalolisikia karibu kila mwezi: "Wewe weka simu na meseji viende pamoja saa tatu asubuhi kwa wanachama wote. Asiyesikia atasoma." Nimeshaambiwa hivyo na wenye zahanati, wenye mabasi na wauza pembejeo. Kila mara natumia nusu saa kueleza, na kila mara mtu anaitikia kwa kichwa kisha anarudia ombi lilelile.

Simu na meseji zina kazi mbili tofauti. Simu inamshtua mtu na kudai jibu hapohapo, ikikatika haibaki na kitu. Meseji haimshtui mtu sana, lakini inabaki. Mtu anairudia jioni, anamwonyesha wakala, au anamwomba mtoto wa shule amsomee. Ukizirusha kwa dakika moja, kila moja inaiharibia mwenzake.

Nenda Mwaloni, soko la samaki na dagaa la Kirumba, uone. Mama anapima dagaa kwa sado, mikono imejaa magamba. Simu inaita, anaibana kati ya sikio na bega. Sauti iliyorekodiwa inaanza kumsomea kumbukumbu namba ya kulipia rejesho, tarakimu 12. Kalamu hana. Kwenye tarakimu ya sita mnunuzi anauliza bei, anamjibu, na sauti imeshapita. Meseji yenye namba hiyohiyo imeingia akiwa bado anasikiliza, imelia mara moja sikioni, naye ameidhania tangazo la vifurushi. Kwenye ripoti ya chama simu inasomeka "imepokelewa" na meseji "imefika". Kiongozi ameridhika. Mama hajui adaiwa kiasi gani wala alipie wapi.

Na huyo ni aliyetuamini. Nani kati yetu hajapata ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii"? Watu wamezoea kuripoti namba za matapeli kwenda 15040, na wanafanya vizuri. Sasa namba ngeni inampigia mtu kumtajia deni, na kabla hajakata meseji inamtaka alipe. Mimi mwenyewe nisingelipa.

Ninachowaomba wateja wangu ni mpangilio. Meseji ya kwanza itoke kwa jina la mtumaji ambalo wanachama wanalijua, isidai chochote. Iseme tu kwamba jioni watapigiwa kuhusu rejesho, na itaje namba itakayopiga. Kisha simu yenyewe, isizidi nusu dakika, iwe na swali moja: bonyeza 1 utumiwe kumbukumbu namba, bonyeza 2 uongee na mhasibu. Meseji yenye namba ya malipo iende kwa aliyebonyeza 1, mara tu simu inapokatwa, wakati bado anaisubiri. Aliyekata katikati, ambaye hakupokea na ambaye hapatikani ni watu watatu tofauti, kila mmoja na hatua yake. Mfumo wowote wa maana unakuletea matokeo ya kila simu. Ni kosa kuyaacha kwenye ripoti bila kuyafanyia kazi.

Huyo "hapatikani" ndiye wa kwetu hasa. Mvuvi akiwa ziwani nje ya mtandao, simu yako imekufa hapohapo. Meseji haifi: inasubiri kwenye kituo cha mtandao mpaka simu yake iwe hewani, ilimradi muda wake wa kuishi haujaisha. Muda huo unaweza kuupanga, na karibu hakuna anayeugusa. Taarifa ya mkutano wa saa nne ukiipa siku mbili za kuishi, itamfikia mtu mkutano umeshavunjika. Kikumbusho cha rejesho, kwa upande mwingine, kipe siku hizo mbili bila wasiwasi.

Kuhusu saa tatu asubuhi: wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa, na asubuhi hiyo ndiyo kwanza wamelala. Mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika nchi kavu. Kama wanachama wako ni wavuvi, weka ratiba ya mwezi ukutani na upige siku hizo. Hili nalisema kila ninakokwenda na sitaacha.

Mengine ninayoambiwa na wateja nitayapitia haraka.

"Simu iliyopokelewa imesikilizwa." Si lazima. Angalia sekunde. Simu ya sekunde nne kwenye ujumbe wa sekunde ishirini imesikika salamu tu, na mara nyingi aliyeipokea ni mtoto.

"Meseji moja ni herufi 160." Ndiyo, kwa herufi za kawaida. Ukiweka emoji moja, ujumbe wote unashuka hadi herufi 70. Kinachowaumiza wengi hapa ni neno ng'ombe. Ukiliandika kwenye programu ya kuandikia barua, ile alama ya juu hugeuzwa yenyewe kuwa iliyopinda, na alama hiyo haimo kwenye herufi za kawaida za meseji. Ujumbe wa herufi 150 uliotarajia kuulipia mara moja unakatwa vipande vitatu, na unalipia vitatu. Badilisha alama iwe iliyonyooka kabla ya kutuma.

"Namba ninazo, basi ruhusa ninayo." Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Aliyekuachia namba ili apate majibu ya maabara hakukupa ruhusa ya kumtangazia ofa.

Na hili la "Jibu NDIYO kuthibitisha." Ukituma kwa jina la herufi badala ya namba, mpokeaji hawezi kujibu, kwa sababu hakuna namba ya kurudishia jibu. Zahanati moja iliwatumia wagonjwa ujumbe wa namna hiyo, kisha nafasi za "wasiojibu" ikawapa wengine. Asubuhi wakaja wote. Bibi mmoja aliyetoka Sengerema na kuvuka kwa kivuko alifungua kitochi chake na kumwonyesha muuguzi: ameandika NDIYO mara tatu, na zote tatu zimegoma kwenda. Ukitaka jibu la maandishi, tuma kwa namba fupi inayopokea. La sivyo mpigie, abonyeze 1.