Presha ya mapafu haipimwi mkononi

Kila wiki kliniki yetu ya moyo hupokea wagonjwa wenye daftari lililojaa vipimo vya presha, vyote 120 kwa 80, wakiuliza mbona kifua kinabana wakipanda ngazi wakati "presha iko sawa". Iko sawa, ndiyo, ya mkononi. Ya ateri ya mapafu ni nyingine, na mashine ya duka la dawa haiioni. Wengi wameshameza dawa za vidonda vya tumbo miezi kadhaa, maumivu ya kifua yakidhaniwa ni ya tumbo.

Ateri hiyo hupeleka damu mapafuni kutoka upande wa kulia wa moyo. Kwa mwenye afya, wastani wa presha yake ni kama milimita 14 za zebaki. Miongozo ya Ulaya ya 2022 inahesabu ugonjwa kuanzia zaidi ya 20. Ukuta wa moyo upande huo ni mwembamba. Ukielemewa hunenepa, hutanuka, hukosa damu ya kuulisha, na maumivu huanza. Baadaye miguu huvimba na mgonjwa huzimia.

Chanzo huweza kuwa valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki utotoni, makovu ya TB, VVU, selimundu, kichocho cha tumbo au damu iliyoganda. Kwa hiyo hatuandiki dawa kwa kubahatisha.

Njoo na barua ya rufaa yenye muhuri na majibu ya zamani, hata kama yamechakaa. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hakihitaji kufunga. Kinachohitaji ni cha katheta, mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa shingo au paja hadi ndani ya ateri yenyewe. Aliyekula huahirishiwa na kupangiwa tarehe nyingine. "Uji kidogo tu" ni chakula.

Halafu sildenafili. Ndiyo, ni ile ile ya nguvu za kiume, na tangu 2005 imeidhinishwa Marekani kutibu presha ya mapafu. Mama, umeandikiwa wewe. Usione aibu, wala usimgawie baba. Akiwa anaweka vidonge vya nitreti, dawa ya maumivu ya moyo, chini ya ulimi, presha yake inaweza kuporomoka ghafla.

Mwenye ugonjwa huu azungumze nasi kabla ya kushika mimba, si baada. Ujauzito unaweza kumuua.

Maumivu makali ya ghafla, pumzi kukatika, kukohoa damu, mguu mmoja kuvimba: nenda idara ya dharura usiku huo huo. Pale hakuna anayedai barua ya rufaa.