Steringi na shujaa ni watu wawili

Mtu akimaliza tamthilia ya Breaking Bad wikiendi, Jumatatu anakuja na hukumu ileile: Walter White hakuwa na kosa, mke wake ndiye aliyemharibia. Muulize kwa nini. "Si ndiye steringi?"

Steringi ni mhusika mkuu, yule ambaye hadithi inamfuata tangu mwanzo hadi mwisho. Basi, maana imeishia hapo. Shujaa ni yule ambaye matendo yake yanastahili sifa. Mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili, na anaweza asiwe.

Neno lenyewe halijawahi kutuahidi zaidi ya hapo. Limetokana na "starring", neno la Kiingereza lililozoeleka kwenye mabango na mwanzoni mwa filamu, kabla ya jina la mwigizaji mkuu. Sisi tukalibandua kwenye bango tukambandika mtu. Kwa asili yake, basi, usteringi ni habari ya nani katajwa kwanza (na nani kalipwa zaidi, ukipenda). Hakuna aliyekaa akapima tabia ya mtu kabla ya kumpa cheo hicho.

Waliotuchanganya ni steringi wa kwenye mabanda ya video. Filamu za Kihindi, za karate, za makomando: steringi anaonewa mwanzoni, baba yake anauawa, anakua na uchungu, anarudi kulipiza kisasi. Adui anajulikana tangu anashuka kwenye gari, kwa kicheko tu. Steringi hafi, na ikitokea akafa watu wanatoka wakinung'unika kwamba wameibiwa kiingilio. Kwa filamu za namna hiyo, ukisema steringi umeshasema shujaa, na hakuna aliyepotea. Hivyo maneno mawili yakagandana.

Vince Gilligan akatunga hadithi ambayo huielewi mpaka uyabandue. Breaking Bad ilirushwa na AMC ya Marekani kuanzia Januari 2008 hadi Septemba 2013, sizoni 5, episodi 62. (Kama bado hujaiangalia, samahani, muda wa kukutunzia siri umeshapita.) Mwalimu wa kemia huko Albuquerque, New Mexico, anaambiwa ana saratani ya mapafu, naye anaanza kupika dawa za kulevya ili aiachie familia yake fedha. Utamhurumia, na wameitengeneza ili umhurumie.

Lakini rudi sizoni ya kwanza, episodi ya 5. Elliott na Gretchen, wenzake wa zamani ambao sasa ni matajiri, wanajitolea kugharamia matibabu yake yote. Anakataa. Mapema kiasi hicho, kabla hajawa bosi wa mtu yeyote, ile hoja ya "nafanya kwa ajili ya familia" imeshaanguka. Kilichobaki ni kiburi cha mtu anayeona alistahili kuwa tajiri kama wao. Episodi ya mwisho anakuja kukiri mwenyewe mbele ya mke wake, Skyler: alifanya kwa ajili ya nafsi yake, aliipenda kazi ile, na aliiweza. Muda wote huo mashabiki walikuwa wanamtetea kwa hoja ambayo mwenyewe ameitupa.

Au mtazame usiku ule mwishoni mwa sizoni ya pili. Jesse, mwenzake wa kupika dawa, na Jane, mpenzi wa Jesse, wamelala, wamelewa heroini. Jane anaanza kupaliwa na matapishi. Walter anasogea kama wa kumsaidia, mkono unanyooka, kisha anasita. Anasimama pale mpaka binti anakata roho. Jane alikuwa anajua siri zake na alishamtishia. Walter analia, ndiyo, lakini hamgusi.

Hapa ndipo kuangalia mfululizo kunapotuponza. Aliyeifuata wakati inarushwa alikaa na kifo kile wiki nzima. Wewe umekaa nacho sekunde chache. Episodi inayofuata imejianza yenyewe, na kabla chai haijapoa unawaza Walter atachomokaje. Kamera ikiwa mgongoni mwa mtu saa kumi mfululizo, shida zake zinakuwa zako, na kila anayemzuia anakukera wewe.

Ndiyo maana Skyler alichukiwa vile. Anagundua mume wake ni mwongo, anaogopa kwa ajili ya watoto, anataka talaka. Baadaye naye anasaidia kutakatisha fedha kupitia biashara ya kuosha magari, kwa hiyo simwiti malaika. Lakini chuki ilimwandama kabla ya hapo, na ikavuka mipaka ya hadithi: mwaka 2013 Anna Gunn, aliyeigiza nafasi hiyo, aliandika katika The New York Times kuhusu chuki ambayo watazamaji walimwelekezea Skyler, na hata yeye mwenyewe.

Kwa hiyo Walter mwite steringi, hakuna atakayekukatalia. Na Hank, mwanyumba wake, ukitaka mwite adui, kwa maana ya mtu anayepambana na steringi, kimuundo hujakosea. Ila ujue tu kwamba huyo adui ni ofisa wa DEA, idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, anayemtafuta mpishi wa dawa hizo, na ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.