Utajiri, dini na ushoga: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Husemwa mara nyingi kwamba nchi ikishatajirika, watu wake huukubali ushoga kwa kuwa fedha imewapotezea maadili. Wapo pia wanaoufurahia utajiri kwa sababu hiyohiyo, wakiamini kwamba uchumi ukikua, mitazamo italegea yenyewe. Makundi haya mawili yanapingana kwa mengi, lakini kosa lao ni moja: yanadhani kuwa fedha yenyewe ndiyo inayogeuza mawazo ya watu. Qatar na Saudi Arabia ni nchi tajiri, na bado sheria zake zinaadhibu mapenzi ya jinsia moja. Ufilipino haihesabiwi miongoni mwa matajiri, lakini katika utafiti wa maoni uliofanywa na taasisi ya Pew mwaka 2019 katika nchi 34, asilimia 73 ya Wafilipino walioulizwa walisema kwamba jamii inapaswa kuukubali ushoga. Marekani ilipata asilimia 72.

Uhusiano kati ya utajiri na mitazamo upo, na ni mkubwa. Katika utafiti huohuo Sweden ilifikia asilimia 94 na Nigeria asilimia 7. Suala ni njia ambayo uhusiano huo unapitia. Ronald Inglehart, mtaalamu wa sayansi ya siasa wa Marekani, alieleza kwamba mtu aliyekulia katika njaa na vita hushikamana na ukoo, desturi na kanuni zinazosisitiza kuzaa, kwa sababu hizo ndizo ngao alizo nazo, ilhali aliyekua akiwa na uhakika wa chakula na matibabu huona hakuna hatari kubwa mwenzake akijichagulia namna ya kuishi. Kwa kuwa misingi hii hujengeka ujanani, jamii hubadilika kadiri vizazi vinavyopishana, wala haibadiliki siku pato la taifa linapopanda.

Itazameni Korea Kusini. Bibi aliyekuwa na miaka 75 mwaka 2019 alikuwa mtoto wa miaka sita vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, akakulia katika nchi maskini, wakati mjukuu wake amezaliwa katika nchi ya viwanda, hospitali na bima. Wanaishi chini ya sheria moja na uchumi mmoja, lakini katika utafiti huo wa Pew, katika rika la miaka 18 hadi 29 asilimia 79 waliukubali ushoga, na katika rika la miaka 50 na zaidi asilimia 23 tu. Nchi ni ileile. Kilichotofautiana ni utoto.

Kuhusu dini, dhana potofu kubwa ni kwamba jina lake linatosha kueleza kila kitu. Uhispania na Argentina, zenye mizizi mirefu ya Ukatoliki, ziliruhusu ndoa za jinsia moja mwaka 2005 na 2010, wakati Poland, ambayo nayo ni ya Kikatoliki, haijafanya hivyo. Urusi, ambako ibada za kila wiki zina wahudhuriaji wachache, ilipata asilimia 14 pekee katika utafiti wa Pew. Dola la Kisovieti, lililoipiga vita dini, ndilo lililoharamisha mapenzi kati ya wanaume katika miaka ya 1930. Chuki, basi, haihitaji msahafu wala Biblia ili isimame. Linalopimika vizuri zaidi ni uzito wa dini katika maisha ya mtu, na hata uzito huo haufanyi kazi sawa kila mahali. Watafiti Amy Adamczyk na Cassandra Pitt walionyesha mwaka 2009 kwamba imani ya mtu binafsi hutenganisha mitazamo zaidi katika jamii zinazothamini uhuru wa mtu kujieleza. Katika jamii zinazohangaikia usalama wa maisha, mcha Mungu na asiyejali ibada hukaribiana zaidi, kwa kuwa wote wawili huelekea kukataa.

Nasisitiza tofauti hizi kwa sababu nyuma ya kila asilimia kuna kijana anayepima kama atafukuzwa nyumbani akisema ukweli wake.

Wengine hudhani pia kwamba sheria husubiri wengi wakubali kwanza. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996, iliyozaliwa baada ya ubaguzi wa rangi, ilikataza kumbagua mtu kwa mwelekeo wake wa kimapenzi, na ndoa za jinsia moja zikaruhusiwa mwaka 2006. Mwaka 2013, katika utafiti wa Pew, walioukubali ushoga huko walikuwa asilimia 32 tu. Mwaka 2019 wakafika 54.